Sheria Hii Ilianza Lini?

Mhadhara uliotolewa katika ukumbi wa kijamii, Makina, Kibera



Nilipokuwa nikiingia hapa, mama mmoja alinishika mkono mlangoni. Juzi mwenye nyumba aliung'oa mlango wa chumba chake kwa sababu kodi ilichelewa. Jirani akamwambia kuna sheria inayokataza mambo hayo. Akaniuliza: "Mwanangu, hiyo sheria ilianza lini? Na kama ipo, mbona mimi sikuiona ikipita?" Nimemwomba aketi safu ya mbele. Nitamjibu kabla hatujaondoka, lakini jibu lake ni refu, na ndilo mhadhara wenyewe.

Nimekuja na kitu. Tazameni. Ni juala jepesi la buluu, lile ambalo wengine tuliliita karatasi tu. Mama yangu alikuwa na kibanda cha mboga Kianda, hapa Kibera, na majuala haya aliyanunua kwa mamia, yakiwa yamebanwa pamoja kama noti mpya za benki. Sukuma wiki ya shilingi kumi, iliyokatwa nyembamba, inaingia humu, unakaza fundo, mteja anaenda zake. Na nyote mnajua matumizi yake mengine. Usiku, vyoo vya kulipia vikiwa vimefungwa na kichochoro hakina taa, mtu alijisaidia ndani ya juala, akalifunga, akalirusha. Watu wa mbali waliandika habari hizo kama kioja. Sisi tulioamka na kulikuta juu ya mabati yetu hatukuona kioja chochote. Tuliona umaskini, na tuliona watoto wakiharisha.

Tarehe 28 Agosti 2017 juala hili likawa hatia. Jana yake lilikuwa bidhaa, kesho yake ni kosa la kufungwa jela. Mama yangu alisikia redioni asubuhi, akarudi kwenye magazeti ya zamani, akawa anafunga mboga kwenye kurasa za michezo. Mimi wakati huo nilikuwa tayari nimesomea uandishi wa sheria, na nikaona aibu, maana mama aliniuliza swali linalofanana na la mama wa mlangoni: nani alikaa wapi akaamua? Alidhani wabunge walipiga kura. Hawakupiga. Waziri wa Mazingira wa wakati huo, Profesa Judi Wakhungu, alitoa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali tarehe 28 Februari 2017, akatoa muda wa miezi sita, na miezi sita ilipokwisha marufuku ikashika.

Nataka tulisome tangazo lile kwa karibu, kwa sababu ni fupi na limeandikwa kwa ustadi. Linasema marufuku ni juu ya mifuko ya plastiki ya kufungia bidhaa madukani na majumbani, kisha linaitaja mifuko yenyewe. Kwanza, mfuko wenye vishikio, uwe na mikunjo ya pembeni au usiwe nayo. Pili, mfuko bapa usio na vishikio, nao uwe na mikunjo ya pembeni au usiwe nayo. Basi. Mikunjo ya pembeni ni hii hapa, hizi pande mbili zinazoingia ndani ili juala litanuke ukilijaza. Kwa nini mwandishi ajisumbue na mikunjo? Kwa sababu alijua kuna mtu kiwandani atakayelisoma tangazo usiku kucha akitafuta upenyo. Angesema tu "mifuko yenye vishikio," kesho yake Gikomba yote ingejaa mifuko isiyo na vishikio. Mzee aliyenifundisha kazi hii aliniambia nisiwahi kusoma nilichoandika kama mtu mwema. Nikisome kama mtu anayetaka kukwepa, halafu nizibe, halafu nikisome tena kama mnyonge ambaye hana wakili, nione kama ataelewa.

Majaribio ya kupunguza mifuko hii yalikuwapo kabla, 2007 na tena 2011. Hayo yalitazama unene: mfuko mwembamba kupita kiasi fulani usitengenezwe. Sasa fikirini askari amesimama sokoni Toi, ameshika juala, anatakiwa kujua unene wake kwa sehemu ya elfu ya milimita. Kanuni ambayo anayeisimamia hawezi kuipima kwa macho wala kwa mkono haina maisha sokoni. Tangazo la 2017 halikuhitaji kipimo. Mtu yeyote anaweza kulitazama juala akajua.

Lakini kuna jambo halimo katika tangazo lile, na hapa ndipo ninapotaka mkaze macho. Adhabu. Sote tulisikia faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4. Adhabu hiyo ilikuwa imelala ndani ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, katika kifungu cha jumla kilichoongezwa makali mwaka 2015, kwa mtu yeyote atakayevunja masharti ya sheria hiyo. Waziri aliandika karatasi fupi ya marufuku, na karatasi hiyo ikaenda kuungana na adhabu iliyokuwa ikingoja. Faini iliyofikiriwa kwa kampuni inayomwaga sumu mtoni ikatua kwenye kibanda cha sukuma wiki. Naunga mkono marufuku ile. Mitaro ya Kibera ni shahidi wangu. Lakini kiwango cha chini cha milioni 2 kwa mama anayeuza mboga za shilingi kumi ni kosa la uandishi, na lingeweza kuonekana mapema kama mtu mmoja wa vichochoro hivi angeketi mezani huku akiwa na zile karatasi mbili, tangazo na sheria mama, akizisoma pamoja.

Hivyo ndivyo sheria nyingi zinavyotufikia. Bunge hutunga sheria mama, na ndani yake huacha mlango: Waziri aweza kutunga kanuni. Kupitia mlango huo hutoka karatasi zinazogusa nauli yako, kibanda chako, saa yako ya kurudi nyumbani. Mnazikumbuka zile tunazoziita sheria za Michuki? Wengi husema Bunge lilizipitisha. Zilikuwa kanuni za Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, chini ya Sheria ya Trafiki, zilizochapishwa mwishoni mwa 2003 na kuanza kushika tarehe 1 Februari 2004. Mikanda, kidhibiti mwendo, abiria 14, ule mstari wa manjano ubavuni mwa matatu. Wiki ile ya kwanza ya Februari, magari ya nambari 46 ya Kawangware na ya nambari 8 ya hapa Kibera yalipungua barabarani kwa sababu mengi hayakuwa tayari, watu wakaenda mjini kwa miguu. Kanuni zile ziliokoa maisha baadaye. Yote yalitoka kwenye kalamu ya waziri mmoja, kwa mamlaka aliyokopeshwa na Bunge.

Neno "kukopeshwa" nalitumia makusudi. Katiba ya 2010, Ibara ya 94, inasema hakuna mtu wala chombo kingine zaidi ya Bunge chenye uwezo wa kutunga kitu chenye nguvu ya sheria, isipokuwa amepewa uwezo huo na Katiba au na sheria. Tena sheria inayompa lazima itaje wazi amepewa kwa kusudi gani, na mpaka wake ni upi. Anayekopa ana siku ya kurudisha. Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inamwambia waziri mambo matatu ambayo ningependa yaandikwe kwenye ukuta wa kila ofisi ya chifu. Kabla ya kutunga kanuni, awashauri wale itakaowagusa. Akishazichapa, azifikishe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao, na asipozifikisha, kanuni zinakufa zenyewe siku hiyo ya mwisho ikipita. Na hata zikiishi, baada ya miaka 10 zinafutika isipokuwa muda umeongezwa.

Kanuni zinakufa! Mara ngapi umesimamishwa na mtu mwenye sare akakutajia kanuni, nawe ukadhani ni ya milele? Kanuni ina siku ya kuzaliwa, ina cheti cha kuzaliwa kiitwacho notisi ya kisheria chenye nambari na mwaka, na inaweza kuwa imekwisha kuzikwa. Kuuliza nambari hiyo kwa heshima si ukaidi. Ni haki yako kujua unashtakiwa kwa lipi.

Kwa sheria inayopita Bungeni yenyewe, safari ni ndefu zaidi. Wizara huandika sera, hupeleka maelekezo kwa waandishi wa sheria katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu, Baraza la Mawaziri hulipitia jambo, mswada huchapishwa. Unasomwa mara ya kwanza, kamati inakusanya maoni, unajadiliwa katika kusomwa mara ya pili, kila kifungu kinapitiwa, unasomwa mara ya tatu, na ukiihusu kaunti unapita Seneti pia. Rais ana siku 14 za kuutia sahihi au kuurudisha. Ukishatiwa sahihi huchapishwa ndani ya siku 7, na Ibara ya 116 inasema sheria huanza kushika siku ya 14 baada ya kuchapishwa katika Gazeti Rasmi, isipokuwa sheria yenyewe imetaja siku nyingine.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye mambo. Hapa Kibera tuna vikundi vingi vya kijamii, vya maji, vya vijana, vya yatima, na wengi wenu mmevisajili. Mwaka 2013 Rais alitia sahihi Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyokusudiwa kuvipa vikundi na mashirika hayo ulinzi bora. Kifungu cha kwanza kilisema itaanza siku ambayo Waziri ataitangaza katika Gazeti. Siku hiyo haikuja. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamuru itangazwe. Bado haikuja. Sheria ilianza kushika tarehe 14 Mei 2024, miaka zaidi ya 11 baada ya sahihi. Mtoto aliyezaliwa sheria ile ikitiwa sahihi alikuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi. Muda wote huo ilikuwapo kitabuni, imepigiwa kura, ina nambari, na haikuwa na nguvu ya kumlinda hata mtu mmoja. Ndiyo maana nawaambia: ukipata mswada, soma kifungu cha kwanza kabla ya vingine. Hapo ndipo huandikwa nani anashika ufunguo wa siku ya kuanza.

Kisha ruka hadi mwisho. Nyuma ya kila mswada wa Bunge letu kuna maelezo ya madhumuni, na ndani yake kuna aya inayosema kama mswada unampa mtu uwezo wa kutunga kanuni, na kama unapunguza haki yoyote. Watu huchoka kabla ya kufika hapo. Mimi huanzia hapo, maana ndipo mlango wa nyuma unapotajwa kwa jina.

Mlango huo unaweza kufunguka kwa kasi. Tarehe 25 Machi 2020, siku ya Jumatano, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kafyu kwa sababu ya korona. Alhamisi ikachapishwa amri, Notisi ya Kisheria Nambari 36 ya 2020, chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma. Ijumaa saa moja jioni ikaanza. Mliokuwa hapa mnakumbuka. Mtu anatoka kazini Industrial Area kwa miguu, jua limezama, yuko Laini Saba, hajafika kwake. Virungu. Watu walipigwa kwa jina la karatasi ambayo hawakuwahi kuiona. Mahakama Kuu ilipoulizwa, mwezi wa Aprili, ilisema amri yenyewe ilikuwa halali, lakini nguvu waliyotumia polisi kupita kiasi ilivunja Katiba. Amri iliwapa polisi kazi ya kumrudisha mtu nyumbani au kumshtaki. Haikuwapa ruhusa ya kumvunja mkono, na hakuna notisi inayoweza kuwapa.

Hapo pana jambo dogo la kushika. Tamko la mkubwa mkutanoni au kwenye televisheni si sheria. Hata Rais, Ibara ya 135 inadai uamuzi wake uwe wa maandishi, wenye sahihi yake na mhuri. Tukisikia "serikali imepiga marufuku," tungoje karatasi.

Kibera yenyewe ilizaliwa na karatasi ya aina hiyo. Babu zetu Wanubi, askari wa King's African Rifles, walikaa hapa msituni mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwaka 1918 ardhi ya ekari 4,197 ikatengwa rasmi kwa ajili yao. Walipewa ruhusa ya kukaa, hawakupewa hati ya kumiliki. Tofauti ya maneno hayo mawili imeishi miaka mia moja. Ardhi ikamegwa kipande baada ya kipande, na mwaka 2017 jamii ya Wanubi ilipopewa hati hatimaye, ilikuwa ya ekari 288. Wazee wa Makina waliomo humu hawahitaji mimi niwaeleze neno moja katika hati lina uzito gani.

Nihamie upande wa kaunti, maana wengi wenu ni wafanyabiashara. Masoko, leseni za biashara, takataka, kelele: hayo Katiba imeyaweka mikononi mwa kaunti. Sheria ya kaunti nayo haina nguvu mpaka ichapishwe katika Gazeti, Ibara ya 199. Mama wa Kawangware Stage 2 anayevunjiwa kibanda na kanjo, askari wa kaunti, ana haki ya kuuliza ni sheria gani na ilichapishwa lini. Najua jibu analopata mara nyingi ni kupakiwa kwenye gari. Hata hivyo swali lina nguvu likifika kortini. Kaunti jirani ya Kiambu ilitunga Sheria ya Fedha ya 2013, watu wakaipinga, na Aprili 2014 Jaji George Odunga akaifuta yote kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Aliandika kwamba haitoshi kuweka tangazo mahali na kusema umeita watu. Kaunti iende makanisani, misikitini, mahekaluni, kwenye mabaraza, kwenye redio za lugha za watu, mahali ambapo watu hukusanyika kwa desturi. Hukumu ile naisoma kila mwaka. Inamtambua mtu wa baraza la chifu kuwa mtunga sheria.

Maoni yanayosikika ni yale yaliyofika kwa wakati, kwa maandishi, yakitaja kifungu. Tazameni kanuni za kudhibiti tumbaku zilizochapishwa Desemba 2014. Kampuni ya British American Tobacco iliziona zikiandikwa, ikatoa maoni kwa waandishi wake, na zilipochapishwa ikazipinga kutoka Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Juu, ambako ilishindwa Novemba 2019. Miaka 5 kanuni za kulinda mapafu ya watu zilikuwa zikizozaniwa. Sishangai kampuni kupigania faida yake. Linaloniuma ni kwamba upande wa pili wa meza, kiti cha anayeuza sigara moja moja na cha mtoto anayevuta moshi wa baba katika chumba cha futi kumi kwa kumi, mara nyingi viko vitupu, kwa sababu mwaliko ulitoka katika gazeti la Kiingereza, ukurasa wa ndani, siku ya kazi.

Juni 2024 viti havikuwa vitupu. Vijana wa nchi hii waliuchukua Mswada wa Fedha, wakaukata kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa Kijaluo, kwa Kikamba, kwenye simu. Nilimsikia kijana wa kinyozi, mtaa wa Olympic hapa Kibera, akieleza ushuru wa mkate kuliko nilivyowahi kuueleza darasani. Tarehe 25 Juni Bunge lilipitisha mswada, na siku hiyo hiyo damu ikamwagika barabarani. Waliokufa walikuwa watoto wetu, na nasema hivyo nikisimama. Kesho yake Rais William Ruto akasema hatautia sahihi. Lakini angalieni kilichofanyika kwenye karatasi: Ibara ya 115 haina neno la kuutupa mswada. Inampa Rais njia mbili, kutia sahihi au kuurudisha Bungeni pamoja na sababu. Kwa hiyo aliurudisha akipendekeza kila kifungu kifutwe, kimoja baada ya kingine, hadi mwisho. Ni nadra sana mwandishi wa sheria kuandika hati kama hiyo. Kila "futa" katika hati ile ilitoka kwa mtu aliyesoma.

Vijana wale waliweza kwa sababu waliutoa mswada katika Kiingereza. Ibara ya 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia lugha rasmi sawa na Kiingereza. Wenzetu wa Tanzania walibadilisha sheria yao mwaka 2021, Kiswahili kikawa ndicho lugha ya sheria. Kwetu miswada bado inaandikwa kwa Kiingereza, na anayetafsiri anafanya kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Chukueni neno la Kiingereza "shall." Katika sheria linabeba lazima. Ukiandika kwa Kiswahili "mwenye nyumba atatoa risiti," msomaji wa Lindi, hapa Kibera, anasikia ahadi: atatoa, labda kesho, labda mwezi ujao. Ukiandika "sharti mwenye nyumba atoe risiti," hakuna pa kujificha. Na "may" tukiifanya "anaweza," mtu husikia nguvu za mwili, anaweza kubeba gunia. Wazee wa pwani walikuwa na "ana ruhusa" na "ana hiari," na hizo mbili si kitu kimoja. Lugha yetu ina zana hizi zote, zimenolewa na kadhi na mabaharia na wafanyabiashara kwa karne nyingi. Natamani sana, na nitaendelea kudai hadi nizeeke, mswada wowote unaohusu nyumba, maji, soko na mwili wa mtu uchapishwe kwa lugha zote mbili siku ile ile.

Sasa mama yangu wa safu ya mbele. Uliuliza sheria inayokataza kung'olewa mlango ilianza lini.

Ipo. Inaitwa Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, na imeanzia mwaka 1959, kabla ya uhuru. Inakataza mwenye nyumba kumsumbua mpangaji kwa makusudi ili ahame au alipe kodi zaidi. Inakataza mpangaji kuondolewa chumbani bila amri, na imeweka baraza lake la kusikiliza malalamiko, mahali ambapo mtu anaweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Ukiisoma unadhani iliandikwa kwa ajili ya Kibera. Lakini ina kifungu kinachosema inahusu nyumba ya kuishi ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi.

Mama ameniruhusu kulisema: chumba chake ni 2,800. Shilingi 300 zimemtoa nje ya sheria ile. Bado ana njia ya korti, na korti ya Kibera haiko mbali na hapa, ila ni njia ya gharama na ya kungoja. Ile nyepesi imefungwa na tarakimu moja iliyoachwa nyuma wakati bei ya unga, ya mabati na ya chumba ikipanda. Ulikuwapo Mswada wa Wenye Nyumba na Wapangaji wa 2021 uliotaka kuzifuta sheria tatu za zamani za kodi, na hii ikiwamo, na kuandika moja mpya. Haukufika kuwa sheria. Tarakimu ile 2,500 imebaki pale pale, na hakuna anayeweza kuiondoa ila Bunge.

Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge sheria, liirekebishe au liifute. Kila mtu, haikusema wakili. Sheria ya 2012 inayoeleza jinsi ya kupeleka ombi hilo inasema liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na kuandika kwa mkono kunakubalika. Lugha iwe ya heshima. Mwombaji aeleze ameshajaribu wapi kutafuta msaada, na kama shauri liko kortini au haliko. Mwishoni aweke jina, anwani, nambari ya kitambulisho, na sahihi au alama ya kidole gumba.

Nimeleta karatasi za mistari na kibao cha wino, viko pale mezani karibu na dirisha. Tutaanza na chumba cha mama, 2,800, na mlango ulioondolewa juzi. Mwenye chumba cha 2,600, cha 3,000, cha 3,500, asogeze kiti. Mwandiko wangu si mzuri, kwa hiyo namwomba mwanafunzi mmoja mwenye hati nzuri anisaidie.